Kinu Kabla ya Chungu

Septemba ikielekea ukingoni, miombo ya Nchelenge, Zambia, huchipua majani mekundu hata kabla tone la kwanza la mvua halijadondoka. Mvua yenyewe huja Novemba. Katikati hapo ndipo jiko la makazi ya wakimbizi ya Mantapala hubanwa: mahindi yamepungua, bustani zinazodumu ni za walio karibu na maji, na muhogo ndio unaobaki na kijani. Familia nyingi za makazi haya zilikimbia mapigano ya 2017 huko Haut-Katanga na Tanganyika, nchini Kongo, na makazi yakafunguliwa 2018. Ujuzi wa sombe, mboga ya majani ya muhogo, zilikuja nao.

Nami naona ujuzi huo unastahili kuchambuliwa, kwa sababu jani bichi la muhogo lina sumu. Ndani ya seli zake kemikali iitwayo linamarini imetengwa na kimeng'enya kinachoweza kuivunja. Mchi ukiponda, viwili hivyo hukutana, na sianidi huanza kutoka kama gesi. Sianidi hiyo huchemka kwenye nyuzi 26 tu. Ndiyo maana mpishi mzuri hutwanga majani yakiwa mabichi mpaka yawe rojo laini linalotoa maji ya kijani kibichi, kisha huyaacha kidogo, huyaosha, ndipo huyainjika. Chungu hakifunikwi mwanzoni, ili mvuke uondoke na kilichomo.

Wapo wanaoyachovya majani kwenye maji ya moto kwanza ili yatwangike upesi. Nawaelewa, mchi unachosha. Lakini moto mkali huua kimeng'enya, na linamarini iliyosalia haina tena wa kuivunja. Kwa mwenye kula sombe kila siku, tena na bukari, yaani ugali, wa muhogo mchungu ambao haukulowekwa siku za kutosha, mpangilio huo si jambo dogo hata kidogo. Konzo, maradhi yanayopooza miguu, yanajulikana sana Kongo, na hushika zaidi pale muhogo usioandaliwa vizuri unapoliwa bila protini ya kutosha.

Hapo karanga, zenye protini, zinaonyesha kazi yake. Hutwangwa peke yake na kutiwa mwishoni, moto ukiwa mdogo, maana huganda chini na kuungua upesi. Mawese yakipatikana hutangulia.

Shambani nako kuna utaratibu. Majani machanga huchumwa machache kwa kila shina, na zaidi kwenye matuta ya zamani yanayokaribia kuchimbwa. Shina changa likikwanyuliwa ovyo, mzizi hudumaa. Nyasi za kurutubisha tuta hufukiwa mvua zikiwa bado zinanyesha, Februari au Machi, kwa kuwa Oktoba ardhi ni kavu na haziozi.

Kitoweo kinachobaki ni chisense, dagaa wa Ziwa Mweru. Uvuvi hufungwa kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, kwa hiyo anayetaka kuichanganya na sombe wakati wa palizi huinunua kavu Novemba na kuianika tena juani kabla ya kuihifadhi.