Sekunde mbili na nusu za kuanguka

Muulize aliyetoka salama kwenye basi lililopinduka, atakuambia kila kitu kilikwenda polepole: chupa ya maji ikipaa mbele ya macho yake, kioo kikipasuka ufa mmoja mmoja. Naamini hasemi uongo. Lakini je, hofu huyapa macho kasi, au huigusa kumbukumbu baadaye? David Eagleman, mtaalamu wa ubongo wa Marekani ambaye utotoni alianguka kutoka juu ya paa, alipata njia ya kuyatenganisha maswali haya.

Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2007, yeye na wenzake waliwapandisha watu kwenye mnara wa burudani huko Dallas, wakawaachia mmoja mmoja waanguke chali, bila kamba, mita 31 hadi kwenye wavu. Safari nzima ni kama sekunde mbili na nusu.

Ufundi wenyewe ulikuwa mkononi. Kila mmoja alifungwa kifaa mfano wa saa kilichoonyesha tarakimu nyekundu juu ya weusi, kisha tarakimu ileile nyeusi juu ya wekundu, zikipokezana. Zikipokezana taratibu, unaisoma. Zikienda mbio, picha mbili zinafutana, unabaki na wekundu mtupu. Kila mtu alipimwa kwanza akiwa ametulia chini, ikajulikana ni kasi gani inayoyashinda macho yake. Kifaa kikawekwa kupita hapo kidogo tu. Kama kweli hofu huyaharakisha macho, tarakimu ingesomeka hewani.

Haikusomeka. Na watu haohao, walipopewa saa ya kupimia mbio wakumbuke walivyoanguka, waliuona muda wao mrefu kwa wastani wa asilimia 36 kuliko ule waliowakadiria wenzao. Macho yalibaki palepale. Kumbukumbu ndiyo iliyorefuka. Kwa hiyo askari anayeandika maelezo ya ajali aipokee ile chupa ya maji jinsi anavyosimuliwa, ila sekunde azitafute kwenye alama za matairi.

Eagleman anaielekea amigdala, sehemu ndogo ya ubongo yenye umbo la lozi: hatari ikiiamsha, mambo huhifadhiwa kwa wingi kuliko kawaida, na ubongo ukija kuyapitia, wingi ule huusoma kama muda. Nayakubali maelezo hayo kwa tahadhari. Mnarani yalipimwa macho na makadirio, amigdala haikupimwa. Tena kila aliyeanguka alikuwa ameuona wavu kabla ya kuachiwa.