Serikali Si Kabila

Aprili 2022, miezi minne kabla ya uchaguzi, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ambayo wanasiasa walionywa wasiyatumie. "Madoadoa" lilikuwepo. "Mende" na "kwekwe" pia. Halafu, katikati ya maneno hayo yenye harufu ya damu, kulikuwa na "hatupangwingwi", neno la mtaani lililotoka kwenye ngoma ya Exray, "Sipangwingwi", ambalo UDA walikuwa wameshaligeuza wito wa kampeni.

UDA walikuwa na kila haki ya kulalamika, na mimi ningelalamika nao. Ebu tuyaangalie haya maneno kama maneno tu, vile mwalimu wa Kiswahili angetufanyia ubaoni.

Doa huwa kwenye nguo, na doa hutolewa. Ukimwita jirani yako doa, hujamtukana tu. Umeshasema afanyiwe nini. Watu wa Bonde la Ufa wanalijua neno hili tangu mapigano ya miaka ya tisini, na baada ya uchaguzi wa 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini. Hakuna haja ya mtu kusema "ueni". Neno lenyewe limebeba kazi yote.

"Hatupangwingwi" ni "panga", limewekwa katika hali ya kutendwa, likakanushwa, kisha likabandikwa mkia wa sheng. Hakuna jirani ndani yake. Kuna mtu aliye juu anayetaka kukupangia maisha, na kuna wewe unayekataa. Neno la kwanza linashuka kwa mnyonge. La pili linapanda kwa mwenye nguvu. Tume iliyatia yote kwenye kapu moja.

Sasa, kipimo cha chama si vile kinavyotetea neno lake kikiwa kinatafuta kura. Kipimo ni kama bado kitaijua tofauti hiyo zamu yake ya kuwa juu ikifika.

Zamu ya UDA ilifika Septemba 2022. Ushuru ulipopanda, mtaa ukampa Rais jina: Zakayo. Nalo lisome kama neno. Zakayo wa Biblia ni mtoza ushuru, tajiri, mfupi, anayepanda mti ili aone. Anaitwa, anashuka, anaahidi kuwarudishia watu aliowadhulumu mara nne. Ni jina la dharau, sawa, lakini ndani yake mna nafasi ya kutubu. Halimwambii yeyote amdhuru jirani. Linapanda, kama "hatupangwingwi" lilivyopanda. Ni ndugu wa tumbo moja.

Lakini tazama kilichofuata. Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya machapisho yaliyomhusu naibu inspekta jenerali wa polisi. Alisafirishwa hadi Nairobi, na siku iliyofuata alikuwa amekufa mikononi mwa polisi, kituo cha Central. Hakushtakiwa kwa kuchochea kabila lolote. Shida ilikuwa jina la mkubwa.

Miezi minne baadaye, tarehe 15 Oktoba, siku ambayo nchi nzima ilikuwa inamlilia Raila Odinga, Rais alitia saini marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni. Tuwe wakweli: mswada ulikuwa wa mbunge wa Jubilee, na sheria mama ni ya 2018, enzi za Uhuru Kenyatta. Lakini bunge lililoupitisha linaongozwa na UDA na washirika wake, na kalamu ilikuwa ya kiongozi wa UDA. Kosa la kumsumbua mtu mtandaoni likapanuliwa. Ndani ya wiki moja Mahakama Kuu ikasimamisha baadhi ya vipengele hivyo kwa muda.

Hesabu ndiyo iliniacha mdomo wazi. Chini ya sheria ya uwiano ya 2008, kifungu cha 13, anayechochea chuki ya kikabila anaweza kutozwa hadi shilingi milioni 1 au kufungwa hadi miaka 3, au vyote viwili. Chini ya sheria ya mitandaoni, anayemsumbua mtu anaweza kutozwa hadi milioni 20 au kufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili. Yaani kuwageuza watu wazima doa la kufuliwa ni kosa dogo kuliko kumkera mtu kwa simu. Mimi hulipwa kwa makala. Milioni 20 si faini kwangu, ni kuambiwa ninyamaze kwa lugha ya tarakimu.

Watetezi wa sheria wanasema inawalinda watoto na watu wanaosukumwa kujiua kwa matusi ya mitandaoni. Hilo ni jambo zito, na sitalicheka. Lakini sheria inayomlinda mtoto inaweza kuandikwa ikimtaja mtoto. Ukiiandika pana hivyo, waziri atatoshea ndani, na waziri ana wakili.

Na matamshi ya chuki yenyewe? Januari 2022, Eldoret, Mithika Linturi alitamka "madoadoa" kwenye mkutano wa UDA. Akakamatwa, akaomba radhi. Oktoba mwaka huohuo akawa Waziri wa Kilimo. Mwaka 2016 wanasiasa wa Jubilee na wa CORD walilala seli za Pangani kwa tuhuma za uchochezi. Katika hao, Ferdinand Waititu akawa gavana. Moses Kuria na Aisha Jumwa wakawa mawaziri. Sisemi walikuwa na hatia. Hiyo ni kazi ya mahakama. Nasema kesi ya chuki haikumzuia mkubwa kupanda ngazi, ilhali chapisho linaweza kumtoa mwalimu kijijini kwake usiishi kumwona tena.

ODM nao wasijifiche nyuma ya pazia. Wakiwa ndani ya CORD walikwenda kortini kupinga sheria za usalama za 2014, na Februari 2015 majaji wakafuta vipengele vinane, kikiwemo kilichobana uchapishaji. Ushindi mtamu, uliotufaa sote. Miaka kumi baadaye wako ndani ya serikali jumuishi, na sauti ile imekuwa ya mtu anayeongea na chakula mdomoni.

Mimi sitaki sheria ya chuki ifutwe. Nchi iliyozika watu wa Kiambaa haina anasa hiyo. Katiba yenyewe, kifungu cha 33, inatupa uhuru wa kujieleza kisha inatoa nje propaganda ya vita, uchochezi wa fujo, matamshi ya chuki na uenezaji wa uhasama. Inatutaka pia tuheshimu sifa za wengine, na aliyechafuliwa jina anaweza kwenda kudai fidia kama raia yeyote. Soma hiyo orodha pole pole. Hakuna mahali kiongozi ametajwa kama kundi la kulindwa. Serikali si kabila. Haina kijiji kinachoweza kuchomwa kwa sababu ya jina la utani.

2027 inakuja, na kila chama kitapanda jukwaani kikiimba uhuru kwa sheng iliyokopwa kwetu. Wakikuuliza unataka barabara au kazi, waambie vyote. Kisha uwaulize hili moja, wakiwa bado wanaihitaji kura yako: siku tutakayowapa jina la Zakayo wao, watamtuma nani aje kutuchukua?