Moto Juu, Moto Chini

Mpishi wa pwani akitaka wali wake wa nazi ukauke bila kuungua, hupalia. Huyapunguza makaa ya chini, huyachota mengine na kuyatandaza juu ya mfuniko, kisha huiacha sufuria itulie kati ya mioto miwili. Mkate wa mayai na mkate wa kumimina hupikwa kwa akili hiyohiyo, na mkate wa mofa huokwa ndani ya tanuri la udongo ambalo kuta zake zimekwisha kunywa moto. Naanza na makaa ya pwani kwa sababu nataka kuzungumzia kifaa kinachodhaniwa hakina ukoo wowote na sisi: oveni ya umeme iliyopachikwa ndani ya kabati, ile inayokutwa katika nyumba nyingi za Mountain View, kando ya Waiyaki Way, na za Loresho, Lavington na Kileleshwa. Fungua mlango wake utazame: kuna koili juu na koili chini. Ni kupalia kulekule, ila makaa yamefichwa. Nashikilia kwamba kuoka humo ni ufundi kamili wenye elimu yake, na kwamba kwa mtu anayeishi magharibi mwa Nairobi elimu hiyo haiji ndani ya boksi pamoja na kifaa. Sharti itafutwe hapahapa.

Wengi hawaamini hivyo. Makaa, wanasema, yanataka mjuzi, lakini oveni inataka mtu anayejua kusoma namba: zungusha hadi 180, funga mlango, ngoja. Kwa imani hiyo oveni hujaribiwa mara mbili tatu, keki hudidimia katikati, mkate hutoka mweupe kama haukuona moto, na tangu siku hiyo ile nafasi iliyolipiwa ghali hugeuka stoo ya sufuria na trei. Jambo hili ni la kawaida mno Nairobi, nami linanisikitisha, kwa kuwa aliyekosea si mpishi wala si kifaa. Imani yenyewe ndiyo iliyopotoka. Namba iliyochorwa pembeni mwa kitufe haielezi joto lililomo ndani. Inaeleza joto lililoombwa. Themostati hukata umeme joto linapovuka kiwango na kuurudisha linaposhuka, kwa hiyo katika saa moja ya kuoka joto hupanda na kushuka mara nyingi, pengine nyuzi kumi au zaidi kila upande. Hata taa ndogo inapozimika kuashiria kwamba oveni iko tayari, kilichokuwa tayari ni hewa tu. Hewa hupata moto upesi na kuupoteza upesi. Mlango ukifunguliwa nayo inatoka, na kitakachoirudishia joto lake ni kuta za chuma na zile koili. Kuta zikiwa bado baridi, keki huingia katika oveni iliyo moto kwa jina. Mwokaji anayejua kazi yake huongeza robo saa baada ya taa kuzimika, na huweka ndani kipimajoto chake mwenyewe, kidogo cha kuning'iniza, ili ajue oveni yake inaongopa kwa kiasi gani na kuelekea upande gani.

Kuna na suala la stima yenyewe. Nguvu ya koili hufuata mraba wa volteji: umeme ukishuka kutoka volti 240 hadi 216, yaani sehemu moja tu ya kumi, nguvu ya koili hupungua karibu sehemu ya tano. Jioni, mtaa mzima unapopika na kuoga maji moto, volteji ikilegea oveni huchukua muda mrefu zaidi kupata joto ingawa hakuna kilichoharibika. Mpishi wa makaa angelijua hilo bila hesabu, kwa kuwa makaa yaliyopoa huonekana kwa macho na kusikika kwa kiganja. Oveni imemnyang'anya mpishi dalili hizo, moshi, rangi na mlio, ikampa mwanga hafifu nyuma ya kioo. Ufundi wake ni kujifunza dalili mpya: jinsi ukingo wa keki unavyoanza kuachana na chombo, harufu ya sukari inavyobadilika dakika chache kabla ya rangi, kona ipi ya nyuma hukolea kwanza hata trei igeuzwe. Anajua pia kwamba feni, kwa kuisukuma hewa, hufikisha joto haraka zaidi, ndiyo maana hupunguza kama nyuzi 20 anapoiwasha; na kwamba keki laini hupendelea koili mbili zilizotulia, ilhali biskuti za trei mbili hufurahia upepo.

Hayo yote yangesemwa popote duniani. Lisilosemwa popote ni hili la kwetu. Nairobi iko karibu mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na ukielekea Kikuyu na Limuru ardhi inazidi kupanda. Kanieneo ya hewa hapa ni kama asilimia 82 ya ile ya Mombasa. Denver, mji wa Marekani unaojivunia kukaa maili moja juu ya bahari, uko chini yetu kwa zaidi ya mita 150. Sasa fikiria kipovu cha gesi kilichozaliwa na bekingi pauda ndani ya rojo ya keki. Mombasa hewa hukikandamiza. Hapa hukiachia, nacho hufura kwa zaidi ya sehemu ya tano kuliko pwani. Kuta zake ni unga na yai ambavyo bado havijaganda. Zinavutika, zinakonda, zinapasuka, na keki iliyopanda kwa madaha dakika ya ishirini inazama dakika ya thelathini. Mwenye kuifuata resipe neno kwa neno ataona kwamba ametenda yote sawa, na kweli ametenda, ila resipe yake iliandikwa karibu na bahari.

Marekebisho yanajulikana, nayo hushikana mikono. Bekingi pauda ipunguzwe kama robo ili vipovu visizidi nguvu ya kuta. Sukari ipunguzwe kijiko kimoja kwa kila kikombe, kwa kuwa sukari huchelewesha yai na wanga kuganda. Maziwa au maji yaongezwe vijiko viwili vitatu, maana katika hewa nyepesi unyevu hukimbia. Joto lipandishwe kiasi cha nyuzi kumi ili kuta zikaze kabla vipovu havijafika mwisho wa safari yao. Ukirekebisha moja na kuacha mengine, kosa huhama tu: keki haizami lakini inakauka, au haikauki lakini inapasuka juu. Na mkate una fumbo lake. Vitabu vingi vya kigeni humshauri mwokaji achome kipimajoto katikati ya mkate na asiutoe mpaka usome nyuzi 96 au 98. Nairobi maji huchemka karibu nyuzi 94. Maadamu mkate una unyevu ndani yake, joto la katikati litakwama hapo, na anayeingojea 98 anaungojea mkate ukauke kabisa. Hapa 92 au 93 hutosha, ikithibitishwa na rangi ya ganda na ule mlio wa utupu chini ya mkate unapogongwa kwa kifundo cha kidole.

Mtu anaweza kusema kwamba haya si ufundi bali ni fizikia, na kwamba jedwali moja la miinuko lingemaliza kazi. Silidharau jedwali. Lakini jedwali halijui unga wa mfuko huu umekunywa maji kiasi gani, wala ukubwa wa mayai ya trei ya leo, wala kwamba oveni ya nyumba hii huzidi nyuzi 15 nyuma kushoto. Halijui Julai ya magharibi mwa Nairobi, asubuhi za ukungu na baridi ambapo kinyunga cha hamira hulala saa nzima bila kusogea, hata waokaji wakakiweka ndani ya oveni iliyozimwa, taa yake tu ikiwaka, ili kipate uvuguvugu wa kuumuka. Waokaji wa nyumbani wa jiji hili, wengi wao wanawake wanaouza keki za siku za kuzaliwa, za ruracio na za harusi, wamefika kwenye majibu sahihi kwa kupima, kukosea, kuandika na kupima tena. Hiyo ni kazi ya akili ileile inayosifiwa ikifanyika maabarani, na sioni kwa nini ipewe jina dogo kwa kuwa imefanyika jikoni.

Pingamizi kubwa zaidi hutoka kwa walaji wa nyama, nami nalipa heshima yake. Nyama choma ni ya makaa. Mafuta yakidondokea makaa hupanda tena kama moshi na kuipaka nyama ladha ambayo koili haiwezi kuitoa, na mwokaji asijaribu kumshawishi yeyote vinginevyo. Oveni ina kazi nyingine. Rangi ya kahawia na harufu ya nyama iliyokolea, mabadiliko ambayo mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliyaeleza mwaka 1912, hushika kasi uso wa nyama unapokauka na kuvuka kama nyuzi 140, na hilo hutokea ndani ya oveni sawasawa na juu ya wavu. Lakini paja zima la mbuzi mkomavu lina tishu ngumu ambazo hulainika polepole tu, kwa saa nyingi za joto la wastani, mpaka zigeuke ute. Juu ya makaa makali nje huungua kabla ndani hakujalegea, na hata mchomaji hodari humlazimu mlaji atafune sana. Katika oveni ya nyuzi 150, likiwa limefunikwa kwa foili na vitunguu chini yake, paja hilo huachana na mfupa baada ya saa tatu au zaidi. Kisha foili huondolewa, joto hupandishwa, na uso hupata rangi yake mwishoni. Mchomaji huanza na rangi, mwokaji humalizia nayo. Sioni haja ya kuchagua mmoja.

Gharama ni hoja ya kweli. Katika Kangemi, umbali wa kutembea kutoka Mountain View, watu wengi hupikia makaa, mafuta au mtungi mdogo wa gesi, na kuisifu oveni pasi na kulitaja hilo ni kufumba macho. Hata hivyo hesabu si mbaya kama inavyohofiwa. Oveni ya kilowati 2.5 haili uniti mbili na nusu kila saa, kwa kuwa ikishapata joto koili huzimwa na kuwashwa. Saa moja ya kuoka kwenye nyuzi 180 mara nyingi haimalizi uniti mbili za tokeni. Na si lazima iwe ya kabatini. Kuka zinazouzwa sana Kenya, za gesi tatu na umeme mmoja, mara nyingi zina oveni ya umeme chini yake, na yote niliyoyasema yanazihusu. Ile ya kabatini hudai zaidi: waya wake pekee kutoka kwenye boksi la swichi, waya wa ardhi uliofungwa sawasawa, na nafasi ya hewa nyuma ya kabati ili mbao zisipikwe. Fundi wa stima anayeyakamilisha hayo ni mwokaji wa kwanza wa nyumba hiyo.

Stima hupotea, bila shaka. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 giza liliikumba karibu nchi nzima. Kuta nene za oveni ya kabatini hushikilia joto muda wa kutosha kuiokoa keki iliyokaribia kuiva, mradi mlango usifunguliwe, lakini iliyoingia dakika tano zilizopita haiokoleki. Nalikubali hilo. Ninachoongeza ni asili ya umeme wenyewe: sehemu yake kubwa kuliko nyingine yoyote hutoka kwenye mvuke wa ardhini, hasa Olkaria karibu na Naivasha, ambako kuzalisha kulianza mwaka 1981. Koili ya chini inapoanza kuwa nyekundu huko Mountain View, kwa kiasi kikubwa ni joto la Bonde la Ufa linalopaliwa.

Na kazi haikomi swichi inapozimwa. Mkate uliotolewa huwekwa juu ya wavu, hewa ipite chini, la sivyo mvuke wake mwenyewe utalilowesha ganda. Ndani wanga bado haujatulia. Ukikatwa sasa utavutika na kushikamana na kisu kama ugali mbichi. Ganda hupoa kabla ya kiini, linajikaza, na kwa dakika chache mkate hutoa mlio mdogo wa kupasukapasuka ambao jikoni penye kelele haumfikii mtu. Mwokaji huzima redio ausikie, na kisu hukiacha drooni kwa saa nzima.