Cherehani Iliyoganda na Cherehani Inayocheza

Anayetafuta cherehani ya mtumba Genkuru, au anayekwenda hadi Sirari kuitafuta, huoneshwa kwanza ile inayozunguka kirahisi. Gurudumu linasukumwa kwa kidole kimoja, mashine inateleza, bei inapanda. Iliyoganda huachwa pembeni na kuhesabiwa chuma chakavu. Kwa mtu anayetaka kuifufua nyumbani, nashikilia kuwa bei hizo zimepinduliwa: iliyoganda ndiyo ya kununua.

Tuangalie chanzo cha kila kasoro. Singer za zamani, kama zile za kiwanda cha Clydebank, Uskoti, kilichofungwa mwaka 1980, zina kichwa cha chuma kizito cha kusubu, na mara nyingi kinachozigandisha ni mafuta tu. Mwenye mashine akikosa oili ya cherehani hutia ya kupikia, nayo hukauka ikawa utando wa njano unaobana shafti. Utando huo unayeyuka. Dondosha mafuta ya taa katika kila tundu la oili, acha usiku kucha, kisha tikisa gurudumu kidogo kidogo bila kulilazimisha. Likiachia, futa uchafu na utie oili nyepesi. Chuma kilicholika hakina dawa ya namna hiyo. Shusha sindano hadi chini, shika chuma kinachoibeba, kitikise kushoto na kulia. Kikicheza, bushi zimekwisha: sindano haitakutana sawasawa na ndoano inayodaka uzi, na mishono itaruka hata ubadili sindano mara ngapi. Ule wepesi uliosifiwa na muuzaji huenda ni ulegevu huohuo.

Itasemwa kwamba mashine iliyoganda nayo inaweza kuwa imelika, ila haijulikani. Ni hoja nzito, lakini ushahidi upo nje. Fungua mguu, papasa meno yanayosukuma kitambaa: yakiwa bado makali, mashine haijashona sana, yakiwa butu, imechoka. Tazama pia chuma cha sindano. Kutu ya juujuu husuguliwa ikatoka, bali iliyochimba vishimo itaendelea kukwaruza bushi, na hiyo iache.

Wengine watauliza kwa nini wasinunue Butterfly mpya, yenye vipuri kila duka. Butterfly ya kawaida imefuata mfano wa Singer 15, hivyo sindano na bobini za kawaida zinaingia kote kuwili. Hoja yao ina nguvu kwa Singer za bobini ndefu nyembamba tu. Hizo ni ngumu kupatia vipuri, na ningewaachia wakusanyaji.

Rangi isikushughulishe. Anayepiga msasa ili apake upya huingiza vumbi la msasa kwenye matundu ya oili, na vumbi hilo hula shafti kila gurudumu linapozunguka. Mashine ikishaachia, jaribio la kweli ni kaki ya sare za shule iliyokunjwa mara nne, gurudumu likizungushwa taratibu kwa mkono. Kitenge chepesi hakitoshi, maana hata mashine iliyochoka hukishona vizuri.