Kahawa Nzuri, Halafu?

Mkahawa mmoja wa Moshi unaokaanga buni zake wenyewe umeweka daftari la maoni kaunta. Nimelisoma lote. Karibu kila mteja kaandika yaleyale: kahawa nzuri, wahudumu wachangamfu, viti laini. Sawa, lakini ina ladha gani jamani? Hatua chache tu kutoka hapo buni zinapasuka kwenye moto kama bisi. Zikitolewa mapema, unakunywa uchachu wa matunda. Zikichelewa, uchungu wa mkaa. Nyie mnatusimulia viti!

Mmoja tu kanishika. Anasema kakulia mlimani, kwao kahawa ilikuwa ada ya shule. Kinywaji kilikuwa chai. Humu ndimo alimoonja zao la baba yake kwa mara ya kwanza. "Ina uchachu kama wa zambarau," kaandika, "na mzee hakuwahi kuujua." Basi.

Huo ndio uhakiki. Waonjaji wa kahawa wapo hapohapo Moshi, na msamiati wao unagusa bei ya mkulima. Sisi tukiishia kwenye "nzuri", tumewaachia wanunuzi waseme peke yao kahawa yetu ina ladha gani.