Anayempa Mwokoaji Pole

Jumamosi ya tarehe 6 Mei 2017, basi dogo la Shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni eneo la Rhotia Marera, wilayani Karatu. Lilikuwa limebeba watoto waliokuwa wakienda kufanya mtihani wa kujipima na wenzao wa shule nyingine. Wanafunzi 32, walimu wawili na dereva walifariki. Watoto watatu walionusurika walipelekwa Sioux City, jimbo la Iowa nchini Marekani, wakatibiwa, na mwezi Agosti wakarudi nyumbani kwao. Jumatatu ya tarehe 8 Mei majeneza yalipangwa Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, akaongoza maombolezo.

Hayo Watanzania wengi wanayakumbuka. Wanaosahaulika ni walioshuka lile korongo. Waliofika mwanzo walikuwa wakazi wa jirani na wapita njia, wakiwamo Wamarekani wachache wa shirika la STEMM waliokuwa safarini siku hiyo kwa shughuli zao. Huku kwetu ndivyo ilivyo. Ukiacha barabara kuu ukaingia Mbulumbulu, kwenda Kambi ya Simba, Kitete au Lositete, kati ya mashamba ya ngano na ngwara, msitu wa Ngorongoro upande mmoja na ukingo wa Bonde la Ufa upande mwingine, namba 114 ya Zimamoto unaweza kuipiga, lakini atakayekufikia mwanzo ni jirani mwenye jembe na shuka. Masika udongo ule mwekundu unateleza kama sabuni, na gari la msaada likitoka mjini linahitaji nalo kusukumwa.

Sasa mfuate huyo jirani nyumbani. Ameoga, amefua shuka, amekaa. Msibani pole ina njia yake: inakwenda kwa mfiwa, na ni haki yake. Yeye anaambiwa amefanya kazi ya Mungu, kisha anaombwa asimulie. Anasimulia kilabuni, anasimulia kanisani, anamsimulia shemeji aliyepiga simu kutoka Babati, na kila msikilizaji anataka kipande kile kile kibaya kuliko vyote. Mwezi ukiisha hakuna anayeuliza tena. Ndipo usingizi unapokatika saa nane usiku, harufu ya dizeli inamtoa jasho, na mtoto wake akichelewa kutoka shule anagombana na mama watoto bila sababu inayoeleweka. Hakufiwa na mtu. Hakuumia mahali. Kwa hiyo hajioni kuwa na haki ya kulalamika.

Kazi ya mwanasaikolojia anayehudumia waokoaji inaanzia hapo. Nataka kuisifu kwa sababu ni ufundi ambao watu wengi hudhani ni maneno matamu ya kufariji. Mjomba yeyote mwenye busara anayaweza maneno matamu. Ufundi wa huyu ni kujua swali gani lisiulizwe leo.

Elimu hiyo ilipatikana kwa gharama. Mwaka 1983 Mmarekani Jeffrey Mitchell, aliyewahi kuwa mzimamoto na mhudumu wa gari la wagonjwa, alichapisha utaratibu wa kuwakusanya waokoaji siku chache baada ya tukio ili kila mmoja aeleze alichokiona, alichowaza na alichohisi, kwa kikao kimoja kilichopangwa hatua kwa hatua. Utaratibu ukaenea duniani. Ulikuwa na huruma, na ulitoka kwa mtu aliyeijua kazi. Lakini mwaka 2002 watafiti wa Cochrane walipokusanya majaribio yaliyofanyika, hawakuona kikao kimoja cha namna hiyo kikizuia maradhi ya kiwewe, na katika jaribio moja waliohojiwa walikuwa na hali mbaya kuliko wasiohojiwa, mwaka mmoja na zaidi baadaye. Watetezi wa Mitchell walijibu kwamba majaribio hayo yalihusu zaidi majeruhi mmoja mmoja kuliko vikosi vya kazi. Hoja yao ina uzito. Hata hivyo somo lilibaki: kidonda kibichi hakichokonolewi kwa sababu tu fundi amefika na vifaa vyake.

Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia una vitenzi vitatu tu vya msingi: angalia, sikiliza, unganisha. Katika juma la kwanza mwanasaikolojia mzuri anaweza kuonekana hafanyi kitu. Anauliza umekula. Anauliza nani atalala nyumbani kwako leo. Anamwonya mtu kwamba ndoto mbaya za siku hizi chache ni za kawaida, na kwamba gongo itamlaza lakini haitampumzisha. Anaandika namba ya simu. Anaondoka. Waokoaji wengi, kwa kweli walio wengi, watarudi katika hali yao bila kumhitaji tena, na fundi anayeelewa hilo hajifanyi kuwa sababu ya kupona kwao. Wale ambao mwezi umepita na picha bado zinawarudia, hao ndio atakaokaa nao.

Kukaa nako kuna namna nyingi. Nitaeleza moja kwa sababu ilijaribiwa katika ukanda wetu. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Mjerumani Frank Neuner na wenzake walichapisha matokeo ya kazi yao katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, kwa Wanyarwanda na Wasomali. Waliotoa tiba hawakuwa madaktari. Walikuwa watu waliochukuliwa humo humo makambini wakafunzwa. Na waliotibiwa walipata nafuu kuliko wasiotibiwa.

Kifaa kikuu cha tiba hiyo ni kamba. Mteja anaitandaza sakafuni, mwanzo wake ukiwa siku aliyozaliwa. Kisha anaweka maua na mawe kwa mpangilio wa miaka: ua kwa jambo jema, jiwe kwa baya. Tuseme ni mwendesha bodaboda wa Kambi ya Simba aliyesaidia kutoa watu kwenye lori lililopinduka. Anaweka ua: siku aliyopelekwa shule. Jiwe dogo: ukame uliomaliza ng'ombe wa baba. Ua: pikipiki ya kwanza. Kisha anachukua jiwe kubwa, analigeuza mkononi, analiweka, analiondoa, analisogeza. Mwanasaikolojia hasemi kitu. Sehemu ya kamba iliyobaki haitandazwi. Inaachwa imeviringwa, kwa kuwa ni miaka ambayo haijafika.

Vikao vinavyofuata vinatembea juu ya kamba hiyo. Wakifika kwenye lile jiwe kubwa wanakwenda taratibu mno, na hapa ndipo mkono wa fundi unapoonekana. Ulisikia nini kwanza? Mikono yako ilikuwa wapi? Sasa hivi unaposimulia, mwili unasemaje? Na mara kwa mara: tuko wapi leo, ni mwezi gani, unasikia nini hapa nje? Nje kuna jogoo na redio ya jirani. Kumbukumbu ya tukio la kutisha hukaa kichwani ikiwa vipande visivyo na tarehe: harufu hapa, kilio pale, kila kimoja kikiruka kana kwamba kinatokea leo. Kazi ni kuvipa mwanzo, kati na mwisho, hadi mtu aweze kusema lilitokea, mahali fulani, siku fulani, na limekwisha. Shemeji wa Babati alitaka kipande kibaya tu. Mwanasaikolojia anataka na kilichofuata: nani alikupa maji, ulirudi na nani, mama alisema nini ulipoingia. Mara nyingi mteja anashangaa kugundua kwamba sehemu hiyo hakuwahi kumsimulia mtu.

Baada ya hapo kuna kazi ya miguu. Kijana amekuwa akizunguka njia ndefu ili asipite ule mteremko, abiria wanamkimbia, mafuta yanamla. Wanaorodhesha pamoja yale anayoyakwepa, kuanzia la kuogopesha kidogo. Wiki hii utasimama mwanzo wa mteremko mchana, pikipiki ikiwa imezimwa, mpaka moyo utulie wenyewe. Usiondoke moyo ukiwa unakwenda mbio, kwa sababu mwili utajifunza kwamba kukimbia ndiyo dawa. Ni maelekezo makavu kuliko hata ya fundi pikipiki. Nayapenda kwa ukavu wake.

Wakazi wengi wa Mbulumbulu ni Wairaqw, na wazee wao wana slufay: baraka ndefu anayoitamka mzee mkutanoni, na kila kifungu waliokaa wanakiitikia kwa pamoja. Sitaki kudai kwamba hiyo ni tiba ya kiwewe. Mila hazihitaji vyeti vya namna hiyo. Nasema tu kwamba mwanasaikolojia atakayeanza mkutano wa waokoaji kwa karatasi za maswali, kabla mzee hajasema, amepoteza nusu ya siku. Mwenye akili anakaa kwenye benchi na wenzake, anaitikia, anangoja zamu yake.

Wateja wake si wa barabarani tu. Kuna askari wa wanyamapori wanaoitwa usiku tembo au nyati wakitoka msituni kuingia kwenye mahindi, na wakati mwingine wanamkuta mkulima chini. Kuna muuguzi wa zahanati anayempoteza mama anayejifungua saa tisa usiku wakisubiri gari, na saa mbili asubuhi anapima watoto uzito. Kuna mhudumu wa chumba cha maiti, ambaye sijawahi kusikia akitajwa katika hotuba yoyote ya shukrani. Hawa wana shida tofauti na ya yule wa bodaboda: kwao hakuna jiwe kubwa moja. Mawe madogo yanaongezeka kila mwezi, na kazini ugumu wa moyo unahesabiwa kuwa sifa. Askari akiambiwa aonane na mwanasaikolojia anasikia kwamba silaha itachukuliwa na wenzake watacheka. Kwa hiyo kikao kinaingizwa katika ratiba kwa wote, mkuu wao akiwa wa kwanza, na hakuna wa kuulizwa kwa nini amekwenda.

Taifa letu lina mazoea ya kumshukuru mwokoaji kwa mkono mmoja. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, watu 19 wakafariki na 24 wakanusurika, wavuvi ndio waliofika kwanza na mitumbwi. Kijana mmoja wao, Majaliwa Jackson, alipewa shilingi milioni 1 na ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Vizuri sana, na wala sijui zawadi bora kuliko kazi. Lakini mitumbwi ilikuwa mingi. Waliokuwa ndani yake walirudi kutega nyavu katika maji yale yale.

Na mwanasaikolojia mwenyewe? Anasikia kwa wiki moja yale ambayo wengi wetu hatuyasikii kwa miaka kumi. Taaluma yake inamtaka awe na msimamizi, mtu aliyemtangulia kazini, wa kumpelekea kesi zinazomlemea bila kutaja majina. Karatu si Muhimbili. Simu inapigwa, mtandao unakatika, inapigwa tena. Wapo wanaoona usimamizi huo ni anasa. Mimi nawaona kama watu wanaomshangaa daktari wa upasuaji kwa kunawa mikono.

Lililo gumu kuliko yote kijijini, nadhani, ni siri. Mjini mteja anaingia jengo lenye ofisi 20 na hakuna anayejua amemfuata nani. Kambi ya Simba, ukiingia mlango fulani, kabla hujatoka habari imefika Kitete. Mwanasaikolojia anajifunza kukutana na watu wakati wa kliniki ya kawaida ya zahanati, au kutembea nao kandokando ya shamba wakionekana wanajadili bei ya ngwara. Na katika kikao cha kwanza wanakubaliana mambo madogo yasiyoandikwa vitabuni: nikikuona mnadani, wewe ndiye utakayeamua kama tunafahamiana. Kwa watu waliolelewa kusalimia kila anayepita, hilo ni agano zito. Basi siku ya mnada Karatu, kati ya mitumba na mbuzi, yule kijana wa bodaboda anampita akiwa na abiria wawili na gunia, anaangalia mbele, anapiga honi kwa sababu njia imeziba. Mwanasaikolojia anasogea pembeni, anaendelea kuulizia bei ya vitunguu.