Picha Mahali pa Dawa: Tahakiki ya Sanamu Fetish #2 ya Renée Stout

Sanamu ya Renée Stout iitwayo Fetish #2 (1988), inayohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Dallas nchini Marekani, kwa kawaida husomwa kama kielelezo cha msanii Mmarekani mweusi anayerejea asili yake ya Kiafrika. Usomaji huo una msingi, ila unaacha swali moja bila jibu: je, sanamu hii inaiga chombo cha Wakongo au inakifanya kitende kazi nyingine? Tahakiki hii inatafuta jibu katika kipengele kimoja kidogo, yaani picha ya mtoto iliyowekwa tumboni mwa sanamu.

Stout alizaliwa Kansas mwaka 1958 na kukulia Pittsburgh. Ni katika jumba la makumbusho la Carnegie mjini humo ambamo, akiwa mtoto, aliona nkisi nkondi kwa mara ya kwanza. Minkisi vilikuwa vyombo vya nguvu vya Wakongo, ambao nchi yao iko magharibi mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kongo-Brazzaville na kaskazini mwa Angola. Mchongaji alitoa umbo. Nganga, ambaye jina lake lina nasaba moja na neno mganga, alitia dawa tumboni na kuziba mahali hapo, mara nyingi kwa kioo. Misumari iliyopigwa mwilini ilithibitisha viapo na mapatano, au iliamsha nguvu ya chombo dhidi ya mkosaji. Kwa hiyo, mwili wa nkisi ulikuwa kumbukumbu ya mashauri ya jamii.

Stout hakuchonga mti. Alitoa umbo la mwili wake mwenyewe kwa plasta, akalipaka rangi nyeusi na kuning’iniza vifuko vya dawa mabegani. Ngozi imeachwa laini, bila ule msitu wa misumari. Tumboni mna kijisanduku chenye kioo, na ndani yake maua makavu, picha ya zamani ya mtoto na stempu ya Niger.

Mabadiliko makubwa yako hapo. Katika Kiswahili, neno kioo hubeba maana mbili: kile kinachorudisha sura na kile kinachopitisha macho. Kioo cha nkisi mara nyingi ni cha aina ya kwanza, nacho huficha dawa. Kioo cha Stout ni cha aina ya pili. Kwa mtazamo wa haraka, siri imefunuliwa, na chombo cha kiapo kimegeuzwa kuwa fremu ya picha. Hata hivyo, mtazamaji anayekaribia huona sura ya mtoto bila kupewa jina lake wala kisa chake. Kioo kinafungua, picha inafunga. Siri iliyolindwa kwa kuzibwa sasa inalindwa na ukimya wa picha yenyewe. Kwa namna hiyo, picha haipambi sanamu. Imechukua nafasi ya dawa na kufanya kazi yake.

Stempu inazua utata zaidi. Niger iko mbali sana na nchi ya Wakongo, na msomaji anaweza kudai kwamba Afrika imefanywa kijiji kimoja. Dai hilo lina uzito iwapo kigezo ni usahihi wa kiethnografia. Lakini stempu ni kitu cha barua, na barua huhitaji anwani. Kwa mtu ambaye utumwa ulikata nasaba ya wazee wake, anwani kamili ndiyo iliyopotea. Kasoro ya kijiografia inabaki, lakini inasema ukweli kuhusu hali ya mtumaji.

Maonyesho ya mwaka 1993 katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Afrika, Washington, yaliweka minkisi na kazi za Stout pamoja, na hivyo kurahisisha ulinganishi wa maumbo. Ulinganishi huo una hatari ya kuipima sanamu kwa kufanana kwake na asili. Nkisi ilihitaji mchongaji, nganga, mwenye shauri na jamii iliyoshuhudia. Stout amebeba nafasi tatu za kwanza katika mwili mmoja. Ya nne imebaki wazi, na ngozi isiyo na misumari ndiyo ushahidi wake. Thamani ya Fetish #2, kwa hiyo, iko pale inapoachana na nkisi, kwa kuwa hapo ndipo inapoonyesha kilichopotea.